Sungura Asiyejua Soni

Ntinda, Kampala
4 Julai 1993

Mama mkwe,

Nakusalimu kwa heshima, macho chini, ingawa wewe uko Chwele na mimi niko Kampala. Natumaini goti lako la kushoto limetulia, na kwamba akina mama wa kanisa la Friends wamekurudishia ile sufuria yako kubwa. Mimi sijambo. Kazi ya kutengeneza cherehani ipo, tena nyingi, maana tangu vita viishe watu wa soko la Owino wanashona kana kwamba walikuwa wamekatazwa, na cherehani wanazoniletea zimezaliwa kabla yangu. Mwenye nyumba wetu, Afande Opoka, yule sajini mstaafu wa polisi kutoka Gulu, anakusalimu. Mkewe Atoo, muuguzi, anakusalimu pia.

Wazee waliotukataza mimi na wewe kuonana uso kwa uso hawakutukataza kuandikiana. Miaka minne tangu nimwoe Nelima sijakuona zaidi ya mgongo, ile siku tulipokutana njiani ukajitosa kwenye mahindi ya watu. Nilikaa na soni hiyo wiki nzima, ingawa aliyechanwa na majani ni wewe. Kwa hiyo naomba karatasi hii inisemee yale ambayo mdomo wangu usingethubutu.

Nelima aliniambia anakuja kwako wiki moja. Hii ni wiki ya tatu. Nadhani amekueleza habari ya sungura. Naomba na mimi nisikilizwe.

Sungura huyo alinunuliwa na Nelima mwenyewe, Owino, siku moja kabla ya Pasaka, awe mboga. Mimi ndiye niliyetakiwa kumchinja. Jumapili ile nilikuwa na shughuli. Jumatatu pia. Kufikia Jumatano alikuwa amejua njia ya kwenda jikoni na kurudi, na Afande Opoka akampa jina la Mpangaji, kwa sababu anakaa ndani na hakuna anayemwona akilipa.

Sikumfungia. Banda sina, na kumfunga kamba mguuni niliona si utu. Anatembea humu ndani anavyotaka: sebuleni, jikoni, chumbani, chini ya meza yangu ya kazi. Nikirudi jioni anatoka jikoni mbio hadi sebuleni, anaruka, anajigeuza akiwa huko huko juu, kisha anatua na kukaa kimya kama si yeye. Haja yake kubwa ni punje tu, kavu, unafagia zinaisha. Haja ndogo, nakiri, ni jambo jingine.

Sisemi kwamba hana makosa. Amekula waya wa redio, amekula mkanda wa ngozi wa cherehani ya mteja, amekula kalenda ya kanisa hata mwezi wa tisa kwetu haupo tena. Na amekula pindo za sare nne za shule ambazo Nelima alikuwa amemaliza kuzishona. Siku ile ya pindo, Jumapili ya tarehe kumi na tatu Juni, aliniambia, “Sifuna, chagua. Ni mimi au ni huyu sungura?” Mimi nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka chakula kikaliwa, mpaka vyombo vikaoshwa. Jumanne akapanda basi.

Mama, kunyamaza si kuchagua. Naomba umwambie hivyo, na uniambie nije lini kumchukua. Barua hii nampa Wandera wa vitunguu, ambaye anarudi huko na lori tupu na ameahidi kufika kesho.

Ni mimi mkweo,
Sifuna

*

Chwele, Bungoma
1 Agosti 1993

Sifuna mwanangu,

Salamu zako zimefika zikinuka vitunguu. Kesho ya Wandera imechukua wiki tatu. Anasema lori liliharibika Malaba, na kwamba Malaba kulikuwa na harusi. Goti ni lile lile. Sufuria imerudi bila mfuniko, na kila mama ananiambia mfuniko uko kwa mwenzake. Mahindi yamesimama vizuri. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Nimezaa watoto saba, nimezika mume, nimeongoza akina mama wa kanisa miaka kumi na mmoja, lakini sijawahi kuletewa kesi ambayo mshtakiwa ni kitoweo. Sungura ni mboga. Akiingia nyumba ya mtu, anaingia kwa kupitia sufuria. Hapa kwangu hata kuku, ambaye tumezoeana naye tangu enzi za babu zetu, akipanda kiti anakutana na ufagio. Wewe unamwacha mnyama azurure chumbani mwa mwanangu, halafu unachukua kalamu unaniandikia kwamba kinyesi chake ni kikavu. Hilo ni jambo la mtu kumwandikia mama mkwe? Unaniona soni njiani, kwenye karatasi huoni?

Nelima hajambo. Anakula. Analala. Analala sana, hata mchana. Ni uchovu wa Kampala. Kisimani nimemkataza kwenda, wajukuu wapo.

Usije kumchukua sasa. Kwanza unijibu jambo moja. Mwanamume akiulizwa achague kati ya mkewe na kitoweo, kujibu kunachukua muda gani? Kwa nini ulinyamaza? Mwenzako amekwisha kujijibu mwenyewe, na jibu alilojipa si zuri.

Ukipata nafasi nitumie dagaa wa Ggaba, wale wadogo ambao huko mnawaita mukene. Wawe wakavu. Ni mimi ninayewatamani. Uzee una mambo yake.

Mkweo,
Nabalayo

*

Ntinda, Kampala
29 Agosti 1993

Mama mkwe,

Pole kwa goti, pole kwa mfuniko, na hongera kwa ndama. Huku sote wazima. Afande Opoka ameanza kufuga ndevu, na Atoo amemwambia anafanana na mtu ambaye zamani angemkamata. Dagaa nimetuma, mfuko mzima. Wandera ameapa mbele ya mashahidi wawili kwamba hatawagusa.

Ulinikemea nami nikakubali. Jumamosi iliyopita nilimtia Mpangaji ndani ya kikapu, nikafunika kwa kitambaa, nikaenda naye Ggaba. Nilikuwa nimesikia kwamba muuza samaki mmoja anayeitwa Concy anafuga sungura. Niliwaza nimpe huyu, ninunue dagaa wako, nirudi nyumbani nikiwa mume mwenye akili. Concy alimtoa kikapuni akampapasa mapaja.

“Iko na kilo mbili kamili,” akasema. “Kesho natengeneza yeye na mchuzi ya karanga.”

“Nilisikia wewe unafuga.”

“Nafuga. Halafu napika. Wewe unafuga ya nini?”

Mama, nilimrudisha Mpangaji kikapuni mbele ya watu wote wale. Kwa aibu nilinunua dagaa mara mbili ya nilivyokusudia, ndiyo maana mfuko ni mzito, nikarudi Ntinda na kikapu kile kile na mtu yule yule ndani.

Afande alikuwa amekaa uani. Alitazama kikapu, akatazama masikio yaliyotokeza.

“Sifuna, wewe iko na shida gani? Mimi iko na kisu. Atoo iko na chumvi. Wewe nenda tu kunywa chai. Ukirudi, shida hakuna, bibi yako anarudi.”

Nikamwambia nitafikiria.

“Polisi hapana fikiria,” akasema. “Polisi nafanya.”

Kuhusu swali lako, Mama, ni swali zuri sana, na nimelisoma mara nyingi. Huku mawingu yametanda siku nne na mvua hainyeshi. Kalenda mpya sijapata. Cherehani ya yule mteja nimeiwekea mkanda mwingine, naye hakugundua.

Naomba uniambie, kama si vibaya, jibu ambalo Nelima amejipa ni lipi. Na kama ananiulizia.

Ni mimi mkweo,
Sifuna

*

Chwele, Bungoma
26 Septemba 1993

Sifuna,

Hatujambo. Mfuniko umepatikana, ulikuwa kwa mke wa mchungaji, na yeye ndiye aliyekuwa akihubiria wenzake wautafute. Ndama anakua. Goti sasa linajua mvua kabla yangu.

Dagaa wamefika, wamekwisha. Siku nne. Tuma wengine. Pia nenda Owino kwa wale akina mama wanaouza udongo wa kula, uninunulie, uliokauka vizuri, usionuka moshi. Na barua zako usiziweke pamoja na sabuni ya kufulia. Harufu yake asubuhi inanichefua mpaka natoka nje. Mimi, yaani. Ni mimi ambaye inanichefua.

Umeniandikia mawingu. Nilikuuliza swali la watu wazima ukanitolea utabiri wa hali ya hewa. Ulipofika Ggaba ukamrudisha yule mnyama nyumbani, uliporudi ukakosa neno kwa Afande, na ulipochukua kalamu ukakosa neno kwangu. Ama wewe ni mpumbavu, ama kuna jambo. Mpumbavu nisingempa binti yangu.

Unataka kujua alichojijibu. Haya. Anasema ulinyamaza kwa sababu umemchoka. Anasema miaka minne hakuna mtoto, na mwanamume mpole hamwambii mke ondoka. Anafuga mnyama ndani ya nyumba, anangoja mke aondoke mwenyewe. Alilisema mara moja tu, akichambua maharagwe, hakulia. Afadhali angelia.

Baba zake wadogo wamepata habari. Mwanzoni mwa Novemba watakaa kikao. Nakuonya, wakikaa hawataulizia sungura. Wataulizia ng'ombe uliotoa, na namna ya kukurudishia. Kesi ikishafika kwa ng'ombe hairudi tena kwa watu.

Kwa hiyo jibu. Na usisahau udongo.

Nabalayo

*

Ntinda, Kampala
17 Oktoba 1993

Mama mkwe,

Nakusalimu. Natumaini goti na ndama wanaendelea. Sisi tuko salama, isipokuwa usingizi. Barua hii sikumpa Wandera, nimempa kondakta wa basi la Bungoma, pamoja na dagaa na udongo. Nimevinusa vyote, havina moshi wala sabuni.

Kabla sijafunga mzigo nilimwendea Atoo, kwa kuwa ni muuguzi, nikamuuliza kama ipo dawa ya mama mzee anayekula udongo, anayemaliza mfuko wa dagaa kwa siku nne na kuchefukwa asubuhi. Nilihofia minyoo. Atoo alikuwa akipepeta mchele. Aliweka sinia chini.

“Mama ya bibi yako iko na miaka ngapi?”

“Sitini na miwili.”

“Na bibi yako saa hii iko wapi?”

“Kwa huyo huyo mamake.”

“Nalala sana?”

“Mama ameandika analala hata mchana.”

Atoo alicheka mpaka akashika ukuta. Akamwita Afande aje asikie. Afande hakucheka. Alinitazama kwa huruma, kama askari anavyomtazama mtu aliyekuja kituoni kushtaki wizi na mali yenyewe ameishika mkononi.

“Fundi,” akasema, “cherehani ya watu wewe najua shida yake. Ya kwako hapana jua.”

Mama, yako mambo ambayo mkwe hamuulizi mama mkwe, na hili ndilo la kwanza. Kwa hiyo siulizi. Ninachoomba ni hesabu ya dagaa tu, nijue kiasi cha kutuma. Wanaliwa na mtu mmoja, au na watu wawili?

Sasa nakujibu ulichoniuliza. Nimeandika karatasi hii mara tatu, mbili nimezichana.

Unajua kwamba Nelima alipoteza mimba mara mbili. Zote mbili nilikuwa nimekwisha kuunda kitanda kidogo cha mbao. Baada ya ile ya pili nilikitengua tena kile kitanda, mbao nikazirudisha darini, na mimi na yeye hatukulizungumza tena. Tukawa watu wa adabu sana. “Chai hii.” “Asante.” “Umerudi?” “Nimerudi.” Nyumba ikawa kimya hata nikaanza kuleta cherehani za wateja nyumbani, zisizohitaji kuletwa, ili pawe na kitu kinachogonga.

Halafu Pasaka kikaja hicho kitoweo. Jioni ile alijifungua kamba mwenyewe. Tulikuwa chumbani, tukasikia miguu midogo sebuleni, inakimbia huku na huko bila sababu yoyote, kisha kitu kikaanguka kikavunjika. Nelima akasema, “Ni nini hicho?” akacheka. Mama, nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mwaka uliotangulia. Kilichovunjika kilikuwa kikombe changu, na ningempa vingine vitano.

Ndiyo sababu sikumchinja. Si kwamba naogopa damu, kuku nachinja. Ndiyo sababu sikumfungia pia. Nilitaka nyumbani mwangu kuwe na mtu wa kukimbia ovyo na kuharibu vitu. Sasa mke wangu ananiambia nichague, ningemjibu nini? Ningemwambia, Nelima, namwacha azurure kwa sababu hatuna wa kuzurura? Ningemchoma moyo. Nikanyamaza, nikidhani namlinda. Kumbe ndiyo nilikuwa namfukuza.

Sijamchoka. Nampenda, na ninaona haya kukuandikia wewe neno hilo, lakini nimeliandika. Namtaka arudi, hesabu ya dagaa iwe yoyote ile. Hata ikiwa mmoja tu hadi tuzeeke, namtaka arudi. Na akisema sungura aondoke, ataondoka siku hiyo hiyo, nitampeleka Ggaba kwa mikono yangu na sitageuka nyuma.

Mkweo,
Sifuna

*

Chwele, Bungoma
31 Oktoba 1993

Sifuna mwanangu,

Salamu. Kondakta wako ni mtu wa maana, alifika kwa siku mbili na hakuna dagaa aliyepungua. Wandera akisikia atafute kazi nyingine.

Barua zako nilikuwa nikijifanya nazisoma peke yangu. Si kweli. Nazisoma kwa sauti kwa sababu ya macho, na jiko langu halina mlango. Nelima alikuwa akimenya viazi vitamu. Nilipofika kwenye miguu midogo, kisu kilisimama. Nilipomaliza alininyang'anya karatasi, akaenda nayo nyuma ya nyumba, akakaa huko mpaka viazi vilivyokuwa motoni vikaungua. Tulivila hivyo hivyo na hakuna aliyelalamika.

Hesabu uliyoomba ni wawili. Haya, nimeandika, na soni yote iwe juu yangu.

Alijua kabla hajapanda basi. Hakukuambia kwa sababu zile mara mbili alikuambia mapema, na mara mbili alikuona ukipandisha mbao darini. Anasema hakuweza kukutazama ukizipandisha mara ya tatu. Alikuja hapa alale, anyamaze, aone kama itakaa. Kweli alimchukia sungura, mkojo wake asubuhi ulikuwa ukimtoa machozi, lakini sungura alikuwa pia sababu nzuri ya kuondoka bila kueleza sababu yenyewe. Na uliponyamaza, akaamini lile jibu baya, akawa hana tena haja ya kujificha, alikuwa ameachwa.

Kwa hiyo mmoja wenu alinyamaza kuhusu mtoto aliyepo, mwingine akanyamaza kuhusu mtoto asiyekuwapo, katikati mkamweka sungura ajibu maswali. Katika watoto wangu saba sikumfundisha hata mmoja upumbavu wa aina hiyo. Mmejifunzia Kampala.

Baba zake wadogo nimewaambia kikao hakipo. Wakauliza sababu. Nikawaambia sababu ina miezi sita na nusu. Waliondoka wakipigana mabega kama vijana.

Muuguzi wa hapa amesema imeshika vizuri, na kama atasafiri asafiri sasa. Nitamleta mimi mwenyewe tarehe kumi na tatu Novemba, na nitakaa mpaka ajifungue. Sikiliza utaratibu. Chini ya paa lako silali. Mwombe Afande chumba ng'ambo ya ua. Ukinisikia nakohoa mara mbili ujue napita, ingia ndani. Ukitaka kupita wewe, imba wimbo wa kanisa, lakini beti zote, maana mimi na goti hili siwahi kwa ubeti mmoja.

Kuhusu yule mnyama, Nelima amesema asichinjwe, asifungiwe, ila chumbani asiingie. Mimi sikubaliani na hata neno moja la hayo, lakini nyumba si yangu.

Nabalayo

*

Ntinda, chumba cha Afande
4 Desemba 1993, asubuhi

Sifuna,

Nimeamka salama, nawe uamke salama huko ng'ambo ya ua. Sungura wako yuko chini ya kitanda changu tangu jana mchana. Alipitia mlangoni nilipokuwa nakohoa ili wewe uingie ndani. Wewe uliingia, yeye akatoka. Amekula ukurasa wa Biblia yangu. Ni Mambo ya Walawi, sura ile ile inayokataza kumla. Sisemi amefanya makusudi.

Njoo umtoe. Hapana, usije. Mtume mtu.

Nabalayo

*

Ntinda, nyumba ya mbele
4 Desemba 1993, asubuhi hiyo hiyo

Mama mkwe,

Nimesikitika kuhusu Walawi. Atoo yuko kazini. Nelima hawezi kuinama, na nilipomsomea barua yako alicheka mpaka nikamwomba akae. Afande amekataa, amesema alikamata majambazi miaka ishirini na saba na hawezi kumaliza utumishi wake chini ya kitanda cha mama wa watu.

Nimesimama uani, uso ukutani, sahani ya majani ya viazi iko miguuni. Fungua mlango bila wasiwasi, sitageuka. Akisikia sahani atatoka mwenyewe.

Sifuna

*

Ntinda, chumba cha Afande
4 Desemba 1993, kabla ya chai

Sifuna,

Nimefungua. Nilitazama dari, wewe ulitazama ukuta, na yeye akatutazama sote wawili, akarudi chini ya kitanda. Majirani watatu wameona.

Basi akae. Vigae vya huku vina baridi, na anajilaza juu ya miguu yangu bila kuombwa. Asidhani nimempenda. Majani weka mlangoni uondoke, na kesho ongeza karoti.

Nabalayo

*

Wodi ya wazazi
14 Januari 1994

Sifuna,

Leo sina salamu, nafasi ni ndogo na Atoo anangoja aichukue karatasi hii.

Nelima ni mzima. Amechoka na anakuulizia. Mtoto ni msichana, kilo tatu na robo, ana vidole vyote, nimevihesabu mwenyewe, na analia kwa sauti ambayo ukiwa Owino ungegeuka.

Atoo ananiambia umesimama nje ya geti tangu alfajiri, mbao za kitanda zimefungwa kwenye baiskeli ya Afande, na hutaki kuingia kwa sababu mimi nimo ndani. Nimezunguka wodi nzima kutafuta pa kujificha ili upite. Pazia ni fupi, miguu yangu inaonekana. Nyuma ya kabati yuko mama mwingine, naye anamkwepa mkwe wake. Nikitoka nje tutakutana getini, na hapa hakuna mahindi.

Kwa hiyo ingia. Simama upande wa mlango, mimi nitasimama upande wa dirisha, na mtoto yuko katikati. Wewe na mimi hatutatazamana. Tutamtazama yeye.

Nyanya yake